"Vueni Nguo Pamoja Nasi": hotuba kuhusu maneno ya Kiingereza yanayolingana sikioni

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu na wanafunzi wa Kiingereza. Waliokosa kufika wameniomba niiandike, nami nimeiacha karibu kama nilivyoisema. Nimeondoa picha zilizokuwa zikioneshwa ukutani, pamoja na sehemu niliyokohoa.

Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mliokuja kumsindikiza mtu mkajikuta mmepewa kiti, hamjambo?

Nianze na aibu yangu, ili baadaye nikiwacheka wengine msinione mwenye majivuno. Nilikuwa na wiki ya tatu kwenye kazi yangu ya kwanza ya ofisini. Sistimu imegoma tangu asubuhi, wateja wamejaa hadi nje, na mkubwa wangu akaniambia: wewe si ndiye mwenye Kiingereza? Andika tangazo, tuwaombe watuvumilie. Nikachukua karatasi nyeupe na kalamu nene, nikaandika kwa herufi kubwa: PLEASE BARE WITH US. Nikalibandika kwa selotepu kwenye kioo cha mlango, nikarudi nyuma hatua mbili, nikalitazama. Nikaridhika nalo kabisa.

Saa saba mchana nikatoka kwenda kula. Pale mlangoni nikakuta mtu amepitisha penseli chini ya neno BARE. Mstari mwembamba, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Na pembeni, kwa mwandiko mdogo wa adabu, ameongeza maneno mawili: You first.

Mnacheka. Nami ningecheka kama si mimi. Kuvumilia ni bear. Bare ni uchi. Nilikuwa nimewaomba wateja wote wavue nguo pamoja nasi, na mmoja wao akajibu kwa upole: anzeni nyinyi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi mimi siku ile niliuanika wa ofisi nzima. Na tazameni methali yenyewe ilivyo na ujanja: uchi ni bare, na kuzaa, kwa Kiingereza, ni bear hiyohiyo ya kuvumilia. Wahenga wetu hawakujua Kiingereza, lakini jozi hii waliiweka sentensi moja.

Sasa niwaulize. Ningesimama mlangoni nikatangaza kwa mdomo, nani angejua? Hakuna. Hata yule mwenye penseli angenipita akiitikia kwa kichwa. Kosa langu halikuwa kinywani wala sikioni. Lilikuwa kwenye karatasi tu.

Tuelewane kwanza kuhusu jina la kitu chenyewe. Darasani tumezoea vitate: dhana na zana, thamini na dhamini. Hivyo vinakaribiana, na mwenye kutega sikio huvitenganisha. Tumezoea vitawe pia: kaa la moto, kaa wa baharini, kaa kitini. Hapo maandishi ni yaleyale na maana ndizo nyingi. Ninayoyazungumzia leo ni aina ya tatu, ambayo sisi karibu hatuna. Ni maneno ambayo kila moja lina ukoo wake na vazi lake kwenye karatasi, lakini ukiyatamka hayapishani hata chembe. Wataalamu huyaita homofoni. Right ni sahihi. Write ni kuandika. Rite ni ibada ya kimila au ya kidini. Wright ni fundi, yule tunayemkuta ndani ya shipwright, mjenzi wa meli. Manne, sauti moja.

Kila ninapofundisha hayo manne, mkono huinuka nyuma ya darasa: kwa nini? Kwa nini watu wenye akili zao waandike w wasiyoisoma?

Swali ni zuri. Nilipokuwa kijana nililijibu vibaya, na nitawaambia jinsi lilivyonirudi.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mtoto mpole, msomaji mwaminifu. Nikampa neno knight alisome kwa sauti. Akalisoma kama Mswahili yeyote anayeheshimu herufi: kila moja akaipa haki yake. Ki-ni-ghi-ti. Darasa likaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka nao, nikamwambia k haisomwi, gh haisomwi, ndivyo walivyo hawa watu, usiulize. Akakaa chini.

Miaka ikapita, nikaanza kusoma historia ya lugha hii. Mnajua nilichokikuta? Kwamba ndani ya chumba kile, aliyekuwa karibu zaidi na Mwingereza wa miaka 600 iliyopita ni yule mtoto tuliyemcheka. Enzi hizo k ya knight ilitamkwa, sawa na k ya know, ya knee, ya knot. Ile gh ilikuwa sauti ya kukwaruza, ndugu wa kh yetu ya kheri. Neno lenyewe hapo kale lilimaanisha kijana wa kiume, kisha mtumishi, na baadaye sana ndipo likawa askari mwenye farasi na cheo. Na night, usiku, ilikuwa na gh yake lakini haina k. Kwa hiyo wakati huo maneno haya mawili hayakulingana hata kidogo! Gh ikanyamaza. K nayo ikaanza kufifia, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 18 ilikuwa imetoweka vinywani mwa wengi. Maneno mawili yaliyokuwa majirani yakajikuta chumba kimoja.

Kwa hiyo lile swali limekaa kichwa chini miguu juu. Hawakuingiza herufi wasiyoisoma. Waliisoma. Sauti ndiyo iliyohama, herufi ikabaki nyumbani.

Na kwa nini herufi isihame na sauti yake? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1476 mfanyabiashara mmoja aitwaye William Caxton alifungua mtambo wa uchapaji pale Westminster, wa kwanza nchini Uingereza. Kabla yake kila mwandishi aliandika kama walivyosema watu wa kwao. Caxton alikuwa na tatizo ambalo mwandishi wa mkono hakuwa nalo: anachapa nakala nyingi za kitabu kimoja, zinakwenda kila upande wa nchi. Aandike kwa lafudhi ya nani?

Mwaka 1490 alisimulia kisa kwenye utangulizi wa kitabu chake kimoja. Wafanyabiashara walikuwa ndani ya meli kwenye mto Thames, wanaelekea Zeeland, huko Uholanzi, upepo ukakatika. Wakashuka ufukweni kutafuta chakula. Mmoja akaenda kwa mama mwenye nyumba akamwomba egges, mayai. Yule mama akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mwanamume akakasirika, kwa sababu naye Kifaransa hakijui. Anasema Kiingereza cha kwao! Mwenzake akaingilia kati akasema tunataka eyren. Ah, mayai! Mama akaelewa. Caxton anauliza: mtu aandike nini siku hizi, egges au eyren?

Mnaona uzito wa swali lile? Wachapaji walipoanza kulijibu, neno baada ya neno, tahajia ikaanza kuganda. Na iliganda katika wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu midomo ya Waingereza ilikuwa safarini. Kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi irabu zao ndefu zilihama zote, kama watu wanaosogea kiti kimoja kimoja kwenye benchi. Chukueni meet, kukutana, na meat, nyama. Ya kwanza ilitamkwa karibu kama ungeisoma kwa Kiswahili, e ndefu: meet. Ya pili ilikuwa na e iliyofunguka zaidi, mdomo ukiachama. Sauti mbili, maandishi mawili, kila mtu na chake. Kisha zote zikapanda juu hadi kwenye i, zikakutana huko. See na sea hivyohivyo. Machache yaligoma kupanda: great, break, steak. Hayo yakabaki nyuma na kuangukia mikononi mwa grate, brake na stake. Hata kugoma hakukuyaokoa.

Wengine walikutana kwa safari tofauti kabisa. Pear, lile tunda, ni neno la tangu zamani sana katika Kiingereza. Pair, jozi, na pare, kumenya, yaliingia kutoka Kifaransa baada ya William wa Normandy kuiteka nchi mwaka 1066. Watatu hawa hawana hata nasaba. Wamefika kwa njia mbalimbali wakabisha mlango mmoja.

Na wengine, hii ndiyo naipenda, ni mtu mmoja aliyejigawa. Flower, ua, na flour, unga. Mnadhani vinahusiana nini? Ni neno lilelile! Unga ulioitwa ua la ngano, yaani sehemu yake bora, ile laini iliyochekechwa. Watu waliviandika bila kutenganisha kwa karne nyingi. Hata kamusi kubwa ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 haikutenga maneno mawili. Baadaye ndipo jicho lilipodai haki yake, likapewa tahajia mbili kwa sauti moja. Kwa hiyo msiseme kila tofauti ni ajali ya historia. Nyingine watu walizitaka.

Kuna na herufi za kujionesha, nazipitia haraka kwa sababu zinaniudhi. Wasomi wapenda Kilatini waliona aibu kwamba neno la kisiwa halifanani na la Warumi, wakachomeka s ndani ya island. S hiyo haikuwahi kutamkwa na mtu yeyote, mahali popote, siku yoyote. Tuendelee.

Sasa niwaulize tena: kwa nini wasirekebishe? Wamejaribu, ndugu zangu. Benjamin Franklin, yule mwanasiasa wa Marekani, alibuni alfabeti mpya mwaka 1768. Noah Webster, mtunga kamusi wa Marekani, alifaulu nusu: color bila u ilipita, lakini tung badala ya tongue, ulimi, ilikataliwa. George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia, alipofariki mwaka 1950 aliacha fedha katika wosia wake ili itengenezwe alfabeti ya Kiingereza inayofuata sauti. Ikatengenezwa, na mwaka 1962 tamthilia yake moja ikachapwa kwa alfabeti hiyo. Kuna aliyewahi kuiona?

Tatizo ni lilelile la mayai: sauti ya nani? Kwa mtu wa London, caught na court ni kitu kimoja, r haisikiki. Kwa Mskochi, r hiyo inaunguruma kama kawaida, na which na witch kwake ni maneno mawili tofauti, maana anapuliza pumzi mwanzoni mwa which. Kwa Wamarekani wengi, caught inalingana na cot. Ukiandika kwa kufuata sikio, utafuata sikio lipi? Maandishi haya mabovu yana sifa moja: yanawaudhi wote kwa usawa, na kwa hiyo wote wanayasoma.

Sisi nasi tusijitape sana. Tunasema Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Haya: paa amepaa juu ya paa. Mnyama, kuruka, sehemu ya nyumba, yote tumeyavika sare moja. Na wenye Kimvita hapa, lahaja ya Mombasa, watanishuhudia kwamba paa mnyama ana pumzi katika p yake, ya paa la nyumba haina. Sikio lao linatofautisha, herufi zetu zimenyamaza. Mwingereza anaandika tofauti asiyoitamka. Sisi hapo tunatamka tofauti tusiyoiandika. Nani amcheke mwenzake?

Sasa nije kwetu wenyewe, kwa sababu kuna jambo vitabu vya Kiingereza haviwezi kutuambia. Orodha zao za homofoni zimeandikwa kwa ajili ya wazawa. Orodha yetu ni ndefu zaidi! Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina sauti za irabu mara mbili ya hizo na zaidi. Unapomimina maji ya mitungi mingi kwenye vikombe vitano, kitatokea nini? Hat, hut, heart, hurt: kofia, kibanda, moyo, kuumiza. Kwa Mwingereza ni manne, kwa wengi wetu ni moja. Ship na sheep. Full na fool. Live na leave.

Hii ya mwisho ndiyo inayotuumbua kazini. Niliwahi kusahihisha barua ya kijana aliyekuwa anaomba ruhusa ya kuondoka mapema. Aliandika: I wish to live early today. Nikamwita nikamwuliza, unataka kuishi mapema? Akaisoma tena kwa sauti. Akaniambia, mwalimu, mbona iko sawa? Na kwa sauti yake ilikuwa sawa! Alikuwa anamwuliza shahidi ambaye hakuona kitu. Tangu siku hiyo huwa siwaambii wanafunzi wangu "jisomee kwa sauti utalisikia kosa". Kwa makosa ya aina nyingine ushauri huo ni dawa. Kwa haya ni sumu. Na msitegemee ule mstari mwekundu wa kompyuta pia. Live ni neno halali, bare ni neno halali.

Lakini nina habari njema. Mmewahi kugundua kwamba their, there na they're huwatatiza wazawa kuliko sisi? Fungueni mtandao wowote mtazame. Mzawa alilipata neno kwa sikio akiwa mapajani mwa mama, miaka kabla ya kujua herufi. Wengi wetu tulilikuta ubaoni, limeandikwa kwa chaki, sauti ikafuata. Yeye anapoandika haraka, mkono wake unafuata sauti. Wetu unafuata picha ya ubao. Tunadhani kuchelewa kuisikia lugha ni hasara tupu. Katika jambo hili moja, tulitangulia.

Na hapa ndipo nina ugomvi na baadhi yenu, walimu wenzangu, na ugomvi na nafsi yangu ya zamani. Zile karatasi za safu mbili! Upande huu hear, upande ule here. Upande huu steal, upande ule steel. Nilizigawa kwa miaka. Kisha mwaka mmoja nikalinganisha madaftari ya kabla na ya baada, ya darasa langu mwenyewe, nikakaa chini. Watoto ambao hawakuwahi kukosea here sasa walikuwa wanakosea. Nilikuwa nimewatambulisha mapacha siku moja, mlango mmoja, nguo zinafanana, halafu nashangaa wanawachanganya majina!

Mfundishe kila mmoja na ukoo wake. Two ina w ya nini? Mpelekeni mtoto kwa ndugu zake: twin, twice, twelve, twenty, between. Wote wana ubili ndani yao, na kwao w inasikika. Akishawajua hao, hataandika to akikusudia mbili. Know ina k ya nini? Msikilizeni jamaa yake acknowledge; mle ndani k bado hai, inatamkwa hadi leo. Heal, kuponya, ni mzazi wa health. Heel, kisigino, hana habari na ukoo huo. Steal, kuiba, ana stealth, kunyemelea. Muscle, msuli, ana c isiyosikika, lakini nenda muscular, hiyo hapo. Hear ina sikio zima tumboni, ear. Na here anakaa na where na there, hao watatu wote ni wa mahali.

Na bear? Bear anakaa na born, na borne, na burden, mzigo. Kuzaa, kubeba, kuvumilia: nyumba moja. Bare anakaa na barefoot, mtembea peku. Laiti mtu angenipeleka kwenye nyumba hizo mbili kwa siku mbili tofauti, ile penseli isingenipata.

Nimalizie kwa karatasi niliyokuja nayo. Wiki iliyopita niliwasomea wanafunzi wangu imla, sentensi moja, kuhusu mpanda farasi aliyeijua njia sahihi akasafiri usiku kucha: The knight who knew the right road rode through the night. Wengi walipata. Binti mmoja, ambaye tahajia yake haina doa na anajijua, aliniletea hii, kwa makusudi, akisimama pembeni ya meza kuutazama uso wangu. Nitaisoma kama alivyoiandika, herufi kwa herufi, nanyi mnyooshe mkono mkisikia kosa:

The night who new the write rode road threw the knight.

Nilingoja. Ukumbi mzima, walimu kwa wanafunzi, hakuna mkono ulionyooka. Nyinyi mnaosoma mmeshaliona.